Nani alikuwa na sababu ya kuandika jina la babu yako?

*Mwezi uliopita niliwaomba wasomaji waniandikie kuhusu kutafuta historia ya ukoo katika nyaraka, maktaba na makumbusho. Barua zimekuja kutoka Arusha, Moshi na vijiji vya mlimani. Nimechagua zile zinazouliza yale ambayo wengi wangependa kuuliza. Majibu ni yangu, baada ya maisha ya kazi ya ukutubi katika miji hii miwili. – Mama Mkutubi, Moshi*

Shikamoo Mama. Naishi Sakina, Arusha, ila kwetu ni Machame. Kila Desemba tukipanda nyumbani, wazee wanabishana mbele ya pombe ya mbege: mmoja anasema ukoo wetu ulitoka Ukambani, mwingine anashikilia Usambara. Babu mzaa baba alifariki nikiwa mdogo. Mwaka huu nimeamua kutafuta kwenye maandishi. Nilikwenda ofisi moja inayotunza majalada ya zamani, nikaomba faili la ukoo wetu. Mhudumu akasema hakuna kitu kama hicho, akaendelea na simu yake. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Huyo mhudumu alikukosea adabu, lakini alichosema ni kweli. Hakuna faili la ukoo wako, wala la ukoo wangu. Majalada ya serikali hupangwa kwa kufuata ofisi iliyoyafungua, mwaka, na shauri lililokuwa mezani. Karani wa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, mwaka 1930 hakuhangaika na asili yenu. Alihangaika na kodi, mpaka wa shamba, kesi ya ng'ombe, na nani amemgomea mangi, mtawala wa Kichagga. Kwa hiyo swali la kwenda nalo ni hili: nani alikuwa na sababu ya kuandika jina la babu yangu? Ukishalijibu, utajua uende ofisi gani.

Desemba hii achana kwanza na Ukambani na Usambara. Waulize wazee mambo madogo. Babu alibatizwa wapi, na mchungaji alikuwa nani? Alikaa mtaa wa mchili yupi, yaani mkuu wa mtaa chini ya mangi, na enzi za mangi yupi? Kahawa yake aliipeleka chama gani? Alisoma shule ipi, alifanya kazi kwa mzungu yupi, aliwahi kushtaki au kushtakiwa barazani? Aliingia rika gani? Kisha muombe bibi, au yeyote anayeishi kwenye nyumba ile ya zamani, akufungulie sanduku la bati. Huko ndiko ziliko risiti za kodi, kadi ya TANU, cheti cha ndoa, kitabu cha mwanachama wa chama cha kahawa, pengine na kipande cha kazi ya shambani. Karatasi moja yenye namba na mhuri itakuokolea safari ya Dar es Salaam.

Kwa watu wa mlimani, kitabu cha ubatizo ndicho cheti cha kuzaliwa cha wazee wetu. Serikali ya Waingereza ilianza kusajili vizazi na vifo mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini kwa Mwafrika wa kijijini jambo hilo halikuwa la lazima kwa miaka mingi. Usiende RITA, ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, kutafuta cheti cha baba yake babu. Nenda usharikani. Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Upande wa Wakatoliki, Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza Kilema mwaka 1891 na Kibosho mwaka 1893. Vitabu vyao ni vya zamani kuliko ofisi yoyote ya serikali iliyopo leo Moshi.

Niwaeleze ukurasa wa kitabu cha parokia ulivyo, ili mkifunguliwa msipotee. Karatasi ni pana, imepigwa mistari. Kushoto kuna namba ya ubatizo. Inafuata tarehe, jina la ubatizo, mara nyingi na jina la nyumbani pembeni yake, kisha baba, mama, kijiji, msimamizi, na sahihi ya padri. Vitabu vya mwanzo vimeandikwa kwa Kilatini, kwa wino uliogeuka rangi ya kahawia. Wengi husoma jina la babu, wakafurahi, wakafunga kitabu. Msifunge. Tazameni pembezoni mwa ukurasa. Kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki, mtu akifunga ndoa popote, taarifa hurudishwa parokia alikobatizwa na kuandikwa pale pale. Babu aliyebatizwa Kibosho akaoa Tanga, ndoa yake ya Tanga inaweza kuwa imeandikwa Kibosho, pembeni, kwa mwandiko wa padri mwingine, miaka ishirini baadaye.

Angalia pia miaka. Aliyebatizwa akiwa mtu mzima alikadiriwa umri kwa macho, kwa hiyo ukikuta ameandikwa ana miaka 20, soma kati ya 16 na 25. Na angalia majina. Unajua desturi yetu: mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Jina moja linarudi kila baada ya kizazi. Nimeona watu wanaunganisha babu na mjukuu wakawa mtu mmoja aliyeishi miaka 120. Njia ya kuwatenganisha ni kutafuta jina la mke, na jina la mtaa.

Ukienda kuomba, nenda siku ya kazi. Jumapili baada ya ibada ofisi imejaa watu. Beba barua ya mzee wa kanisa wa mtaa wenu, au ya mwenyekiti wa jumuiya kama ni Wakatoliki. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usipige kwa mwanga wa flashi. Na utakayoyaona ya nyumba za watu wengine, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, aliyefukuzwa ushirika, yaache humo humo kitabuni. Vitabu hivi vinafunguliwa kwa imani, na mtu mmoja mwenye mdomo anatosha kuwafungia wengine wote.

Baada ya kanisa, kahawa. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wa mlimani kiliundwa mwaka 1925, na KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya kahawa, mwaka 1933. Chini yake kila eneo lilikuwa na chama cha msingi chenye daftari la wanachama: jina, namba, na kilo alizopeleka msimu ule. Vyama vingine vimetunza madaftari hayo vizuri, vingine vimeyaachia mchwa. Nenda uulize, na ukikuta stoo inavuja, sema kwenye mkutano wa wanachama. Hilo linanikera sana. Tunagombea kihamba, shamba la ukoo, mahakamani miaka kumi, huku daftari linaloonyesha nani alikuwa mkulima wa eneo lile mwaka 1938 linaloa mvua.

Ndipo sasa Dar es Salaam, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iko Upanga. Nenda na barua ya utambulisho na swali lililoandikwa vizuri. Kwa sheria ya mwaka 2002, majalada ya umma kwa kawaida huwa wazi yakishatimiza miaka 30. Chumba cha kusomea unaingia na penseli, kalamu ya wino unaiacha nje. Omba orodha ya majalada ya Wilaya ya Moshi, na usisahau Jimbo la Kaskazini, ambalo makao yake makuu yalikuwa Arusha. Mashauri mengi ya Moshi yalipandishwa huko. Ndugu zetu Wapare wasihangaike na orodha hiyo: zamani Pare ilikuwa chini ya Jimbo la Tanga.

Omba pia Kitabu cha Wilaya. Kuanzia miaka ya 1920 mabwana shauri waliandika humo habari za wamangi, koo, mipaka, ardhi na simulizi za asili. Huenda ubishi wa wazee wako umeandikwa humo. Lakini usimwamini Bwana Shauri kuliko unavyomwamini babu yako, kwa kuwa aliyemsimulia ni mara nyingi mtu wa nyumba ya mangi, na nyumba ya mangi ilikuwa na sababu zake za kusema nani mwenyeji na nani mgeni. Mlima huu ulipokea watu kutoka Ukambani, Taita, Usambara na Umasaini, kwa nyakati tofauti. Ukoo mmoja unaweza kuwa na baba wa huku na mama wa kule. Andika simulizi zote mbili, na kila moja iwe na jina la aliyekusimulia, mwaka, na alikoisikia yeye.

Dada Mkutubi, habari za siku. Mimi ni wa Majengo, Moshi. Marehemu baba alipigana Burma. Tunazo medali mbili na picha moja amevaa kofia ya KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Wajukuu wanauliza alikuwa kikosi gani. Kwenye medali hakuna jina. Je, tulipewa za mtu mwingine?

Hapana dada yangu, kuwa na amani. Medali za Waingereza za Vita ya Pili zilitolewa bila kuchongwa jina. Zile za Vita ya Kwanza ndizo zilizochongwa ukingoni: namba, cheo, jina na kikosi. Mwenye medali ya babu wa 1914 hadi 1918 aizungushe kwenye mwanga wa dirisha asome ule ukingo. Asiisugue kwa majivu wala kwa dawa ya kung'arisha.

Kwa baba yako, kinachohitajika ni namba yake ya jeshi. Itafute kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, kwenye barua za malipo, hata nyuma ya picha. Burma mwaka 1944, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, batalioni za 26 na 36 za KAR ndizo zilizokuwa za Tanganyika.  Usimuulize mjukuu mdogo aliyesikia juu juu. Waulize wenzake waliobaki, au watoto wa wenzake, kwa sababu askari wa kijiji kimoja mara nyingi waliandikishwa siku moja.

Kwa wale ambao wazee wao hawakurudi: Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina mtandaoni, bila malipo, na ina makaburi yake hapa hapa Moshi. Tafuteni kwa kikosi na kwa nchi, kwa maana karani Mwingereza aliandika jina la Kichagga au Kimeru kama alivyolisikia. Jaribuni herufi L na R, mwanzo wa jina ukiwa na N au bila N. Waliopotea Burma bila kaburi wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon, ulioko makaburi ya Taukkyan.

Lakini kama mzee wenu alikuwa mpagazi au askari wa Vita ya Kwanza, na hamumkuti, msidhani mmekosea kutafuta. Mwaka 2021 Tume hiyo yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakiwatumikia Waingereza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Walioamua hivyo walijua wanachofanya. Jina la mpagazi wenu liandikeni ninyi, kwenye kumbukumbu ya ukoo, pamoja na jina la aliyewasimulia.

Shikamoo. Nina wageni, nataka kuwapeleka Boma la Arusha. Je, pale naweza kupata majina ya babu zangu Waarusha?

Marahaba. Wapeleke, lakini usitarajie majina. Boma lilijengwa na Wajerumani na leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe: ndege, wadudu, wanyama, na habari za mabaki ya binadamu wa kale. Faida ya pale kwa historia ya ukoo ni jengo lenyewe, kwa sababu wazee wa Kiarusha na Kimeru walikuwa na simulizi kuhusu waliolazimishwa kulijenga. Nenda na mzee, simameni ukutani, mwache aseme. Makumbusho ya Azimio la Arusha, Kaloleni, yatakufaa kama mtu wenu alikuwa TANU au chama cha wafanyakazi. Tazama picha za mikutano uangalie nyuso za nyuma.

Kwa Waarusha, rika lina kazi kuliko tarehe. Mzee hajui mwaka aliozaliwa, ila anajua alitahiriwa na Seuri au na Makaa, na hilo linakupa kipindi. Andika rika la kila mtu kwanza, miaka itafuata.

Mama Mkutubi, mimi ni mzee wa miaka 71, Old Moshi. Tulisikia kuhusu vipimo vya damu na mafuvu yaliyoko Ujerumani. Mtu wa ukoo wetu alinyongwa pamoja na Mangi Meli. Tufanye nini, na tuanzie kwa nani?

Shikamoo kaka. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja.

Wengine wanaosoma hapa wajue: tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine 18 pale Old Moshi. Kwa zaidi ya karne familia zimesema kwamba vichwa vilipelekwa Ulaya. Berlin, katika taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa, kulikuwa na mafuvu 1,135 yaliyokusanywa kutoka iliyokuwa koloni lao na maeneo ya jirani, sehemu kubwa Rwanda, mengine Tanzania na Kenya. Watafiti walipitia maandishi yaliyoachwa kwenye mafuvu na kwenye daftari za makumbusho, wakapata machache yaliyoelekea kutoka Kilimanjaro, kisha vinasaba vikalinganishwa na vya watu walio hai huku. Septemba 2023 taasisi hiyo ilitangaza kwamba ndugu wamepatikana, na fuvu moja linaaminika kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa.

Kwa hiyo wazee walikuwa wakisema kweli miaka yote ile, na waliowaambia ni hadithi tu wanapaswa kuwaomba radhi.

Kwenu ninyi, anzeni na kikao cha ukoo. Andikeni mstari wa uzao kutoka kwa yule mzee hadi kwa walio hai leo, na muwatenganishe wa upande wa kiume tupu na wa upande wa kike tupu, kwa maana vinasaba vya aina mbalimbali hufuata njia hizo mbili. Sahihini muhtasari wote. Kisha pitieni kwa viongozi wa kijiji na ofisi ya wilaya, ili ombi liende kwa mkono wa serikali na Makumbusho ya Taifa. Msimpe mate wala damu mtu yeyote anayekuja mmoja mmoja nyumbani bila karatasi ya serikali, hata awe na gari zuri kiasi gani.

Vijana wenu wenye simu wana kazi pia. Majalada ya wizara ya makoloni ya Ujerumani yako Berlin, katika Bundesarchiv, na mengi yamewekwa mtandaoni bila malipo. Nyaraka za misheni ya Leipzig zimehifadhiwa Halle, na picha zake za zamani za Kilimanjaro na Meru zinaonekana kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Watafute kwa tahajia ya Kijerumani: Moschi, Madschame, Aruscha, Dschagga. Wakiandika Machame peke yake wanaweza kukosa mengi. Chini ya picha nyingi wameandika tu "mwanamke Mchagga" au "mzee na mkewe". Wazionyeshe kwa wazee wakiwa wamekaa, mchana, picha moja moja, na mzee akimtambua mtu waandike hapo hapo. Mwandiko wa Wajerumani wa enzi ile unawashinda hata Wajerumani wa leo wasiousomea, kwa hiyo msione haya kuomba msaada. Ziko programu za kompyuta zinazousoma, na wako wastaafu wa Kijerumani wanaofanya kazi hiyo kwa kupenda.

Asalaam aleikum. Sisi ni Waislamu wa Pasua. Wasomaji wako wote wana vitabu vya ubatizo. Sisi babu yetu alikuja na reli kutoka Tanga. Tuna nini sisi?

Waaleikum salaam, baba. Mna mengi, ila yametawanyika.

Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929. Ilileta mafundi, wapagazi, wapishi, wafanyabiashara na walimu wa chuo cha Kurani. Kama babu aliajiriwa na reli hadi baada ya 1948, mwaka huo reli za Tanganyika ziliunganishwa na za Kenya na Uganda, makao makuu yakawa Nairobi. Ndiyo maana mtu wa Moshi anaweza kujikuta akimtafuta babu yake Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli na kwenye Nyaraka za Taifa za Kenya zilizo Moi Avenue. Nendeni na namba yake ya kazi. Bila hiyo ni kubahatisha.

Ndoa za zamani zilifungishwa na mashekhe walioandika kwenye madaftari yao wenyewe, na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, iliundwa mwaka 1968 tu. Kwa hiyo kabla ya hapo mtafute mjukuu wa shekhe, pengine daftari liko juu ya kabati kwake. Msiwaachie watoto barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mpelekeeni mtu wa kuzisoma leo, wakiwapo wanaoweza. Na kama mababu walitoka Pemba, Unguja au mrima, Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, zina hati nyingi za enzi za masultani, pamoja na za mali na wakfu.

Kuna na gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali mwaka 1923. Watu wa mijini walikuwa wakipeleka habari na mashairi, na chini yake jina na mji. Kama babu alijua kusoma na alipenda utenzi, mtafuteni humo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya Afrika Mashariki ambako magazeti ya aina hiyo huombwa.

Mama, shikamoo. Babu alihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki. Kijijini tunajua hadithi, lakini mwalimu wa historia anataka maandishi.

Marahaba. Mwalimu atayapata. Novemba 1951 serikali iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kwa nguvu ili ardhi wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Maktaba ya Umoja wa Mataifa imeweka nyaraka za Baraza la Udhamini mtandaoni. Tafuta malalamiko ya Wameru ya miaka hiyo. Ripoti ya Jaji Wilson ya 1947 kuhusu ardhi za Arusha na Moshi inaeleza mpango ulivyoanza. Japhet mwenyewe na wakili Earle Seaton waliandika kitabu kuhusu kesi hiyo, kikachapishwa Nairobi mwaka 1967. Mkutubi wa maktaba ya mkoa anaweza kukuulizia nakala. Hayo ndiyo maandishi. Boma la nani lilichomwa, ng'ombe wa nani walikufa njiani, hayo mnayo ninyi, na yakirekodiwa kwa jina na tarehe nayo ni maandishi.

Shikamoo Mama. Nasoma Makumira. Nimeujenga ukoo wa baba hadi vizazi sita. Kwa upande wa bibi mzaa mama nimekwama. Kila nikimuulizia naambiwa "alikuwa mke wa fulani". Bibi alizaliwa Marangu. Nimtafutie wapi?

Marahaba, binti yangu. Barua yako ndiyo niliyoisubiri, maana katika kazi yangu wengi walikuja kutafuta wanaume, na wanawake wakabaki kuwa mke wa fulani hata kwenye michoro ya ukoo iliyopigwa chapa na kuwekwa fremu sebuleni.

Wapo. Ubatizo wa watoto wake umeandika jina la mama. Kitabu cha ndoa kimeandika baba wa bibi arusi, na hapo unapata ukoo wake wa kuzaliwa. Kitabu cha kipaimara kimemuandika akiwa msichana, kabla hajawa mke wa mtu. Kama bibi alikuwa Mlutheri wa Marangu, anza usharikani, halafu rudi hapo hapo chuoni kwenu: wachungaji wengi waliosoma Makumira waliandika tasnifu kuhusu historia za sharika zao, wakitaja Wakristo wa mwanzo, wanawake wakiwemo. Uko jirani kabisa na rafu hizo.

Sehemu ambayo watu hawaifikirii ni Mahakama ya Mwanzo. Mtu akifa na mirathi ikafunguliwa, mahakama hutaka muhtasari wa kikao cha ukoo. Kwenye ule muhtasari wameandikwa mjane au wajane, watoto wote, na mabinti walioolewa mbali. Tafuta mirathi ya mume wa bibi, na ya kaka zake bibi. Hiyo ya kaka zake ndiyo itakayomtaja yeye kama binti wa kwao. Kesi za mahari nazo ziliamuliwa kwenye mabaraza ya wamangi, na palipobaki kumbukumbu, jina la binti limo.

Halafu tumia desturi yetu kwa faida yako. Binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama. Kwa hiyo mama yake bibi, ambaye hakuna karani aliyemuandika, jina lake limebaki kwa mmoja wa wajukuu zake. Orodhesha watoto wa kike wa bibi na wa dada zake wote, kwa mpangilio wa kuzaliwa, na majina yao ya nyumbani, usiishie kwenye Grace na Neema. Jina linalojirudia kwenye nafasi ya pili, nyumba baada ya nyumba, ndilo. Kisha lipeleke kwa bibi mkubwa kuliko wote aliyebaki Marangu umuulize kama ndiye. Wapigie mama zako wadogo wiki hii wakutajie majina, na umwombe kila mmoja akutajie pia waliofariki wakiwa wachanga, kwa sababu nao walihesabiwa kwenye mpangilio.